Amana na Daftari la Majina: Swali la Kimaadili katika Zoezi la Moto Shuleni

Zoezi la moto shuleni, yaani utaratibu wa kuwatoa wanafunzi na watumishi wote majengoni kwa amri ya kengele ilhali hakuna moto wowote, aghalabu huelezwa kama jambo la kiufundi, linalokamilika pale milango inapofunguka kuelekea nje, madirisha yanapokuwa hayana nondo za kumzuia mtu kupita, na mitungi ya kuzimia moto inapokuwa imekaguliwa. Mambo hayo ni ya lazima, na shule isiyokuwa nayo haina sababu ya kujisifia jingine lolote. Hata hivyo, sehemu ya zoezi yenye uzito mkubwa zaidi kimaadili huanza baada ya wote kutoka, wakati kila darasa limejipanga mahali pa kukusanyikia na mwalimu amefungua daftari la mahudhurio ili aite majina, kwa kuwa hapo ndipo shule inapotakiwa kujibu kuhusu kila mtoto mmoja mmoja iliyempokea asubuhi. Swali linalochunguzwa hapa ni wajibu huo unatoka wapi, na kwa nini hautimizwi kwa hesabu ya jumla wala hauondolewi na imani kwamba kila jambo limo mikononi mwa Mungu.

Kata ya Chanzuru, iliyoko wilayani Kilosa mkoani Morogoro, inafaa kuliwazia swali hili kwa sababu maisha yake yanafanana na ya kata nyingi za vijijini nchini Tanzania. Ni sehemu ya wakulima, katika ukanda unaojulikana kwa mashamba ya mkonge na kwa reli ya kati, ambako kiangazi ni majira ya kuchoma mabua na nyasi ili kuandaa mashamba, na ambako wanafunzi wa shule ya msingi husimama mistarini kila asubuhi mbele ya mwalimu wa zamu kabla ya kuingia madarasani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo majukumu yake yamewekwa na sheria ya mwaka 2007 na ambalo hupigiwa simu ya dharura namba 114, haliwezi kutazamiwa kufika katika kila kijiji ndani ya dakika chache za mwanzo, nazo ndizo dakika zinazoamua nani ataishi. Dakika hizo ni za walimu, viranja na watoto wenyewe, na wanachokijua wao kuhusu nani yuko wapi ndicho pekee kitakachokuwa kinajulikana.

Msingi wa wajibu huo ni amana. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, amana ni kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa niaba ya mwenyewe, na kanuni inayojulikana ni kwamba mtunzaji halipi kitu kikiharibika pasipo uzembe wake, ila huwajibika pindi uharibifu unapotokana na uzembe au na kuvuka mipaka ya alichoruhusiwa. Kanuni hiyo ina huruma, kwa vile haimtaki mwanadamu awe mlinzi wa yasiyozuilika. Lakini ina ukali wake pia, kwa vile mtunzaji asiyejua amekabidhiwa nini hawezi hata kuanza kudai kwamba hakuzembea. Injili nazo zinalishika wazo hilo kwa namna yake, kwani mtumishi aliyeachiwa mali na bwana wake huitwa mwishoni atoe hesabu. Mzazi wa Chanzuru anayemuaga mtoto wake alfajiri hapewi stakabadhi yoyote langoni mwa shule. Kinachosimama badala ya stakabadhi ni alama ndogo ambayo mwalimu wa darasa huiweka mbele ya jina la mtoto, na kwa hiyo alama hiyo ni ahadi, hata kama mwalimu aliyeiweka hakupata kuifikiria hivyo.

Mtoto, hata hivyo, si mali, na hapa ndipo wazo la amana linapohitaji kupanuliwa. Kitu kilichowekwa hakina haki juu ya mtunzaji. Mwenye haki ni mwenyewe tu. Mtoto ana haki yake mwenyewe, mbele ya mzazi, mbele ya mwalimu na, kwa wenye imani, mbele ya Muumba aliyewakabidhi wote wawili. Ndiyo maana zoezi la moto haliwezi kuwa siri ya wakubwa. Mtoto wa darasa la kwanza anastahili kujua mlango ulio karibu naye ni upi, kwa nini aache begi lake, na kwa nini, akifika uwanjani, akae kwenye mstari wa darasa lake badala ya kukimbilia kwa dada yake wa darasa la sita.

Pingamizi lenye mizizi mirefu zaidi dhidi ya maandalizi ya namna hii hutoka ndani ya imani yenyewe. Misibani husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na penginepo husemwa kwamba ajali haina kinga. Maneno ya kwanza ni faraja ya waliofiwa na yanastahili heshima yote, lakini yanapohamishwa kutoka matangani hadi ofisi ya mwalimu mkuu hugeuka kuwa udhuru. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alilijadili jambo hili katika Ihya Ulum al-Din, kwenye kitabu cha tawakkul, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote. Alieleza kwamba mwenye njaa asiyenyoosha mkono kukichukua chakula kilicho mbele yake hana tawakkul bali amepungukiwa na akili, kwa sababu ameziacha njia ambazo Mungu mwenyewe ameziweka, na kwamba kulala katika mkondo wa mafuriko bondeni au chini ya ukuta ulioinama ni jambo lililokatazwa, wala si alama ya ucha Mungu. Mfano wa bonde hauhitaji kufafanuliwa kwa watu wa Kilosa, walioona mto Mkondoa ukifurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Anayejenga tuta la kuzuia mto hahesabiwi kuwa amepungukiwa na imani, na anayepiga kengele ya zoezi shuleni asihesabiwe hivyo.

Mapokeo ya Kikristo yana jina la kosa hilo, nalo ni kumjaribu Mungu, yaani kujitia hatarini kwa makusudi na kungoja kuokolewa kwa muujiza, jambo ambalo Yesu alilikataa alipoambiwa ajitupe kutoka kwenye kinara cha hekalu. Tarehe 1 Desemba 1958, moto uliunguza shule ya Kikatoliki ya Our Lady of the Angels mjini Chicago, ukaua wanafunzi 92 na watawa 3 waliokuwa walimu wao. Baadhi ya watawa, moshi ulipokwisha kuziba korido, waliwaongoza watoto katika sala wakisubiri waokoaji. Sala ile haikuwa kosa hata kidogo, na mtu asithubutu kuidharau, maana lilikuwa tendo jema pekee lililobaki kutendeka. Makosa yalikuwa yametangulia: ngazi zilizoachwa wazi zikawa bomba la moshi, jengo lisilokuwa na vinyunyizio vya maji, kengele iliyochelewa kulia, na kanuni za usalama ambazo hazikuyabana majengo ya zamani. Sala na zoezi havigombei nafasi moja, kwa kuwa zoezi lina wakati wake, nao ni kabla.

Lipo pingamizi jingine, la kimya zaidi, ambalo wasomi wa elimu huelekea kulipita haraka ingawa lina hekima ndani yake, nalo ni woga wa kuhesabu watu. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki wazee hawakupenda watoto au mifugo ihesabiwe kwa kunyooshewa kidole. Wakikuyu hutaja koo zao kuwa tisa kamili, ingawa majina yakitajwa moja baada ya jingine hufika kumi. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasimulia jinsi Mfalme Daudi alivyohesabu watu wake wa vita na jinsi tauni ilivyofuata, na Kitabu cha Kutoka kinaagiza kwamba kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, kana kwamba kuhesabiwa kwenyewe ni hatari inayohitaji kinga. Woga huo haukuzuka bure. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyopita Usagara, eneo ambalo Kilosa imo, ilihesabu watumwa kama ilivyohesabu pembe za ndovu, na serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliyofuata ilihesabu vibanda ili itoze kodi. Anayehesabu kwa ajili ya nguvu zake humgeuza anayehesabiwa kuwa kitu chake.

Lakini ipo hesabu ya namna nyingine. Mchungaji anayesimuliwa katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, yule aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja, hutajwa kila mara kama mfano wa upendo, na ni nadra kukumbushwa kwamba asingeweza kumtafuta aliyepotea kama hakuwa amehesabu kwanza. Upendo wake ulipitia kwenye hesabu. Tofauti yake na Daudi ni kwamba hakuhesabu ili ajue ana wangapi, bali ajue nani hayupo, na matokeo ya hesabu yake yalikuwa safari ya kumtafuta aliyepotea. Katika Kurani, sura ya Maryam inaweka pamoja mambo mawili ambayo wanadamu huelekea kuyatenganisha: kwamba wote wamehesabiwa barabara, na kwamba kila mmoja atafika Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Kuita majina kwenye uwanja wa shule ni hesabu ya aina hii ya pili, kwa sababu kila mtoto huitwa kwa jina lake na husubiriwa aitike, na jina lisiloitikiwa ndilo linalotafutwa.

Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba kuhesabu vichwa ni njia fupi ya kupata kitu kilekile. Ichukuliwe shule yenye wanafunzi 400 waliohudhuria siku fulani, na viranja wakapita mistarini wakapata watoto 400, ilhali mmoja kati yao ni mdogo wa mwanafunzi aliyetumwa kuleta ufunguo kutoka nyumbani, na mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu bado yuko chooni. Jumla ni sahihi, na shule imekosea. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha kitu chenye bei na kiumbe chenye hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa kwa kingine cha thamani ileile, ila chenye hadhi hakina mbadala. Hesabu ya vichwa, pasipo mwenye kuifanya kukusudia, huwachukulia watoto kama vyenye bei, kwa vile humruhusu mmoja akae mahali pa mwingine. Na falsafa inayopima wema wa tendo kwa jumla ya manufaa yake pekee ingeona 399 kati ya 400 kuwa karibu na ukamilifu. Mama wa mtoto wa mia nne hawezi kuiona hivyo, na yeye ndiye aliye sahihi.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, liliungua, na wavulana 21 wakafariki. Bweni hilo lilikuwa likilaza wavulana 156. Siku iliyofuata, viongozi walitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo, na saa nyingi za uchungu zilipita kabla ya kufahamika kwamba wengi wao walikuwa wamechukuliwa na wazazi waliofika gizani, au walikuwa wamepewa hifadhi na majirani. Wazazi wale hawakukosea kuwakumbatia watoto wao na kuondoka nao, na jirani aliyefungua mlango wake usiku ule alitenda utu. Lakini mtoto aliye salama bila kuandikwa huhesabiwa miongoni mwa waliopotea, naye mzazi mwingine, ambaye wake kweli amepotea, hubaki akitumaini kwamba mwanawe ni mmoja wa wale walio kwa majirani. Kukosekana kwa hesabu hakumdhuru aliyekufa peke yake. Humnyima aliye hai haki ya kujua. Ndiyo maana utaratibu mzuri huweka mtu langoni mwenye karatasi na kalamu, ambaye kazi yake ni moja tu: kuandika ni mtoto gani anaondoka, na anaondoka na nani.

Jambo linaloumiza zaidi ni daftari linapokuwa lenyewe ni la uongo. Mwaka 2016, baada ya serikali ya Tanzania kuanza kutekeleza elimu bila malipo na kupeleka ruzuku shuleni kulingana na idadi ya wanafunzi, uhakiki ulifichua wanafunzi hewa, yaani majina yaliyoandikishwa ambayo nyuma yake hapakuwa na mtoto yeyote. Suala hilo lilijadiliwa kama wizi wa fedha za umma, na kweli ni wizi; ila katika mwanga wa moto huonekana uovu wake mwingine. Jina hewa likiitwa uwanjani haliitikiwi, na mtu jasiri anaweza kuingia ndani ya moshi kumtafuta mtoto ambaye hakuzaliwa. Kinyume chake pia hutokea, pale mwalimu anapomwekea mtoro alama ya kuwapo ili takwimu za mahudhurio zipendeze, au anapochelewa kumwandika mwanafunzi aliyehamia, hivi kwamba mtoto yuko darasani kwa mwili na hayupo kwenye karatasi. Dini zote mbili zinazoongoza dhamiri za watu wengi wa Chanzuru zinakataza ushahidi wa uongo, na daftari la mahudhurio ni ushahidi, unaotolewa kila asubuhi, juu ya uhai wa watu.

Kuhusu nani hasa abebe mzigo huu, fikihi ina tofauti yenye msaada mkubwa. Faradhi ya ain ni wajibu wa kila mtu binafsi, kama sala tano. Faradhi ya kifaya ni wajibu wa jumuiya, ambao baadhi wakiutekeleza wengine huondokewa na lawama, na wote wakiuacha wote hupata dhambi, kama kumsalia maiti. Udhaifu wa wajibu wa kifaya ni kwamba kila mmoja huweza kudhani mwenzake ameshautimiza. Zoezi la moto lililopangwa vyema huugawa wajibu wa wote kuwa wajibu wa mtu mmoja mmoja aliyetajwa: huyu anapiga kengele kwa mlio tofauti na ule wa kubadilisha vipindi, yule anakagua vyoo na stoo, mwalimu aliye darasani anatoka wa mwisho na kufunga mlango bila kuukomea, mwalimu wa darasa anaita majina na kumletea taarifa mwalimu mkuu, wala hakuna anayerudi ndani hadi ruhusa itolewe. Mwanafunzi kiziwi, ambaye hatasikia kengele, na mwenye ulemavu wa miguu wanahitaji mwenzao aliyetajwa kwa jina, pamoja na wa akiba iwapo huyo hakuhudhuria.

Daftari lenyewe nalo linahitaji nakala mahali pengine. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, idadi ya waliokuwa ndani haikuweza kujulikana mara moja, kwa kuwa mkatisha tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki na kumbukumbu zake zilizama pamoja naye. Rejista ya bweni iliyofungiwa ndani ya bweni haina tofauti.

Kufungia ni neno linalorudi mara nyingi mno katika historia ya misiba ya moto shuleni. Katika shule ya Bombolulu, eneo la Kwale nchini Kenya, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa katika bweni lililofungwa. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa mahali ambapo mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Tanzania ina orodha yake ya shule zilizoungua: Shauritanga, wilayani Rombo, Juni 1994, Idodi, mkoani Iringa, mwaka 2009, Byamungu, wilayani Kyerwa, Septemba 2020. Kufuli na nondo huwekwa kwa nia ya kulinda, hasa wasichana, dhidi ya wezi na wabakaji, na hofu hiyo ya wazazi ni ya kweli. Lakini kufuli huchukua nafasi ya kujua. Mlezi wa bweni anayeita majina kila usiku kitanda kwa kitanda ana ulinzi ambao hauhitaji kumfunga mtu, na anayetegemea kufuli hana haja ya kujua nani amelala wapi, mpaka siku moja ahitaji kujua na asijue.

Wako wanaouliza iwapo kengele inayolia pasipo moto si uongo kwa watoto, na swali hilo ni la haki, kwa kuwa mwalimu hufundisha ukweli kwa mwenendo wake kuliko kwa maneno. Jibu lake ni kwamba kengele haitoi habari bali hutoa amri: haisemi kwamba kuna moto, inasema tokeni mkaitwe. Watoto wakishaambiwa tangu mwanzo wa muhula kwamba amri hiyo inaweza kuja saa yoyote, kwa zoezi au kwa hatari, hakuna aliyedanganywa, na zoezi lisilotangazwa siku yake huwa jaribio la shule, si hila dhidi ya watoto.

Linalobaki kuwa gumu ni mipaka ya daftari. Mpishi, mlinzi, fundi aliyekuja kurekebisha dawati, mama lishe anayeuza maandazi wakati wa mapumziko na mtoto aliye mgongoni mwake hawamo katika rejista yoyote ya darasa, na shule inayowapokea ndani ya uzio wake imewapokea katika amana, hivyo kitabu cha wageni kinapaswa kubebwa pamoja na madaftari mengine. Wagumu zaidi ni wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vya mbali na kupanga vyumba karibu na shule, kwenye kile kinachoitwa geto, wakipika kwa mkaa na kusomea mishumaa bila mlezi wala mwita majina. Wametoka mikononi mwa shule saa ya masomo inapokwisha, na wazazi wao wako mbali. Kila upande unaweza kusema kwa ukweli kwamba usiku si zamu yake, na faradhi ambayo kila mmoja ana sababu ya kuiacha ndiyo hasa faradhi ya kifaya, kwa maana hiyo iko juu ya mwenye nyumba, balozi wa mtaa, mwalimu, shehe na mchungaji wa mahali hapo kwa pamoja, hadi mmoja wao akubali kuandika majina ya waliolala humo.